Kogo Amemeza Ugali

Jumamosi jioni. Mvua imenyesha tangu mchana, vile Kericho hupenda, na sasa yamebaki manyunyu tu. Nimekaa hapa sebuleni na shuka miguuni. Moyo umetulia. Tumbo limejaa.

Leo Kogo amekula ugali.

Mtu asiyetujua akisoma hapo atasema, sasa hiyo nayo ni habari? Mama Mkipsigis kula ugali, si ni kama kusema jua limechomoza? Lakini kwa boma letu hakujakuwa na habari kubwa kuliko hiyo mwaka huu wote. Acha niandike, kwa sababu nisipoandika leo nitasahau vile nilijisikia nikiiona shingo yake ikimeza.

Kogo ni mama mkwe wangu. Kogo maana yake ni nyanya kwa Kipsigis, na tangu Chelangat wangu azaliwe hilo ndilo jina sote tunamwita. Anaishi kwa nyumba yake ndogo hapo nyuma, mistari michache ya majani chai ikitutenganisha. Mimi mwenyewe si wa hapa kwa damu. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kwa kiwanda cha majani, nikazaliwa kwa nyumba za wafanyakazi, nikakulia hapa, nikaolewa hapa karibu na Sosiot. Kipsigis naongea, ingawa Kogo husema naongea kama mtu ameweka kiazi moto mdomoni.

Miaka yote hiyo chakula cha jioni tulikuwa tunakula pamoja. Halafu mwaka jana, baada ya kuvuna mahindi, akaanza kuniambia, "Niwekee kwa sahani, nitakulia kwangu." Mara ya kwanza sikujali. Ikawa desturi. Asubuhi nikienda kuchukua sahani naipata safi kabisa, na kuku wake wamenona mpaka wanatembea kwa shida.

Sitadanganya hapa. Niliumia.

Mke wa mwana akikataliwa chakula, anajua ni yeye amekataliwa. Nilijaribu kila kitu. Niliongeza malai kwa mboga. Nilipika ugali laini, halafu nikapika mgumu. Nilianza kununua nyama hata katikati ya wiki. Sahani ilirudi safi, kuku wakanona. Nikimuuliza mume wangu, Baba Chelangat, anasema, "Mama amezeeka. Wazee hula kidogo." Anasema hivyo akiwa anatafuna, na anageukia televisheni.

Lakini mtu anayekula kidogo hapungui vile. Sweta yake ya kanisa ilianza kumning'inia kama imeanikwa kwa msumari. Uji alikunywa. Chai alikunywa, tena ile ya kutoka jikoni ikichemka, kwa sababu Kogo huamini chai ikishaacha kutoa moshi imekufa. Mursik, yale maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, alikunywa. Kitu cha kutafuna hakuna aliyemwona akikipeleka mdomoni.

Ikafika Jumapili moja ushirika wa kanisa ulikuwa kwetu. Nyumba imejaa wageni, nyama imepikwa, na mwenye boma hawezi kukataa kula mbele ya wageni. Nikamwona Kogo akichukua kipande kimoja kidogo. Akakitafuna, akakitafuna, akameza. Halafu macho yake yakasimama. Akaweka sahani chini polepole, akatabasamu kwa mama mchungaji, akainuka kama mtu anayeenda kuangalia ng'ombe.

Nilimfuata.

Nilimpata nyuma ya zizi ameshika nguzo kwa mkono mmoja, na mwingine anajipigapiga kifuani. Mate yalikuwa yanamtoka kama kamba. Mwishowe kipande cha nyama kikatoka, vile vile kilivyoingia. Hakikuwa kimefika popote.

"Kogo, ni nini?"

Alijifuta mdomo na kitambaa. "Imekataa kushuka."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi."

Acha niseme kitu ambacho sijamwambia mtu. Jambo la kwanza nililohisi pale nyuma ya zizi lilikuwa furaha. Kumbe si mapishi yangu! Kumbe hajanikataa! Halafu nikaona vile ameikumbatia ile nguzo asianguke, na furaha ikaniisha papo hapo.

Kogo alikuwa na dada yake mdogo kule Siongiroi. Alikufa na ugonjwa wa koo. Huku kwetu, hasa ukishuka upande wa Bomet, ugonjwa huo hauhitaji kuelezwa. Kila mtu anajua boma moja au mawili ulikopita.

"Ya dada yangu ilianza hivi hivi," aliniambia. "Ilikataa nyama. Ikakataa ugali. Ikakataa uji. Mwisho ikakataa maji." Akanitazama. "Usiniambie hospitali. Yeye alienda. Siku walimwambia jina ya ugonjwa, ndiyo siku alilala na hakuamka tena kufanya kazi."

Tulirudi ndani. Akawaaga wageni wote kwa mkono, mmoja mmoja, akicheka.

Mimi nauza kwa agroveti, duka la dawa za mifugo, pale Kapsoit. Matumbo ya ng'ombe nayajua. Mtu akija anakimbia kusema ng'ombe wake amefura upande wa kushoto, najua ni gesi, najua nimpe nini na nimwambie afanye nini kabla daktari wa mifugo hajafika. Lakini kuhusu mtu, nilijua tu kwamba chakula huingia juu na kutoka chini. Siku zile nilikaa nyuma ya kaunta nikiuza dawa ya minyoo na chumvi ya mifugo, na kila mtu aliyeingia akitafuna kitu nilikuwa namtazama koo.

Siku moja tulikuwa tunachuma majani pamoja, yeye mstari wake, mimi wangu. Nikamwambia, "Kogo, ng'ombe wako akikataa kula, wewe hungoja?"

Hakuacha kuchuma. "Ng'ombe ikikataa nitauza. Mimi utaniuza wapi?"

Nikacheka, naye akacheka, halafu nikaanza kulia kati ya majani, sijui kwa nini. Aliniacha nilie. Tulipofika mwisho wa mstari akaweka kikapu chini.

"Tutaenda," akasema. "Lakini wewe ndiyo utaingia na mimi kwa taktari. Kijana yangu akisikia atalia, na mimi sijui kunyamazisha mtu mzima."

Nilimwambia siwezi kumficha mume wangu jambo kama hilo. Akakubali, akamwambia mwenyewe jioni hiyo, kwa Kipsigis, kwa maneno machache sana. Baba Chelangat aliinuka. Alichukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe.

Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Tulienda hospitali moja upande wa Bomet wanakoangalia koo kwa kamera. Daktari alikuwa msichana tu, mpole, anaongea Kipsigis cha nyumbani. Alimuuliza Kogo maswali mengi kuhusu koo, halafu akamuuliza, "Na kiungulia je? Kifua huchoma?"

"Hiyo si ugonjwa," Kogo akasema. "Hiyo iko tangu nizae huyu." Akamwonyesha Baba Chelangat, mtu wa ndevu zenye mvi.

Kumbe miaka yote hiyo Kogo amekuwa akinunua vile vidonge vya chokaa vya kutuliza kiungulia kwa duka la dawa Sosiot na kuvitafuna kama peremende. Sisi wote tulimwona. Chelangat hata alikuwa akiomba kimoja. Hakuna aliyewahi kuuliza mbona haviishi.

Daktari akatueleza safari ya chakula, akijionyesha kwa kidole kwa mwili wake mwenyewe. Alisema kazi huanza mdomoni, meno yakisaga na mate yakilainisha. Ukimeza, chakula hakianguki tu kama jiwe kwa kisima. Umio, ile njia inayotoka kooni kwenda tumboni, hukikamua kushuka, misuli ikibana nyuma yake, kidogo kidogo, kama mtu anakamua chuchu ya ng'ombe. Hapo Kogo aliitikia kwa kichwa. Hiyo aliielewa.

Chini ya umio kuna msuli unaojifunga kama mdomo wa kiondo ukivuta kamba. Unafunguka chakula kipite, unafunga. Ndani ya tumbo kuna asidi kali ya kuvunja chakula, na tumbo limewekewa ngozi ya kuivumilia. Umio haukuwekewa. Msuli huo ukilegea, asidi inapanda, inachoma. Hicho ndicho kiungulia. Ikichoma leo na kesho si kitu. Ikichoma miaka, umio hufanya kidonda, kidonda hufanya kovu, na kovu huvuta njia ikawa nyembamba.

"Inaweza kuwa kovu," alisema. Halafu akamwangalia Kogo usoni, hakuangalia sisi. "Inaweza pia kuwa ile unaogopa. Sitakuficha. Ndiyo maana lazima nitazame."

Nilimpenda kwa hiyo.

Wakampulizia Kogo dawa ya ganzi kooni, wakamchoma sindano ya kumtuliza, wakafunga mlango. Mimi nilikaa kwa benchi. Baba Chelangat alienda kutembea uani, akizunguka mti mmoja wa mkaratusi kama fahali amefungwa. Niliomba, halafu nikakosa maneno, nikaanza kutaja majina ya vyakula ambavyo Kogo anapenda. Viazi vitamu. Mahindi ya kuchoma. Nyama ya mbuzi ya mbavu. Sijui kama hiyo ni sala.

Daktari alitoka akasema ameona njia imebana sana pale chini, na ameona makovu. Uvimbe hajauona. Lakini amechukua vipande vidogo vya nyama ya pale ili vipimwe, na tungoje.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kitu chochote. Kogo peke yake ndiye alikuwa sawa. Alikunywa uji wake, akatukana kuku, akaenda kanisani. Mimi ndiye nilikuwa nafungua na kufunga kabati bila kujua natafuta nini. Nilifunga choo hata, mambo ya aibu haya, na nikajifunza kwamba wasiwasi unajua njia ya kufika utumboni. Baba Chelangat naye alianza kuhara. Nyumba moja, mmoja amefunga, mwingine amefungua. Tulipoambiana, ndiyo mara ya kwanza tulicheka tangu siku ile ya zizi.

Siku ya majibu tuliingia wote watatu. Daktari hakutuzungusha. Alisema si saratani.

Kogo akasema, "Rudia."

Akarudia kwa Kipsigis, polepole. Na Baba Chelangat, mwenyekiti wa wafugaji, mtu ambaye hakulia hata siku ya mazishi ya baba yake, akaweka kofia usoni akalia kwa sauti. Kogo akanigeukia. "Si nilikuambia?" Akampigapiga mgongo kama mtoto anayecheushwa, macho yake mwenyewe yakiwa makavu.

Halafu akamuuliza daktari, "Kwa hivyo mimi nimejichoma na maji ya tumbo yangu?"

"Ndiyo, Kogo."

"Na mimi nilikuwa nashuku jirani."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Kupanua njia yenyewe kulifanywa kwa puto dogo. Wanalishusha pale pamebana, wanalijaza, linasukuma kovu taratibu. Halikuwa jambo la mara moja. Alirudi, wakapanua zaidi. Alipewa dawa ya kupunguza asidi, ya kumeza asubuhi kabla ya kula, na daktari alisema hii si ya kuacha siku akijisikia vizuri. Asilale akishiba. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, na Baba Chelangat akakata vipande vya mbao akaweka chini ya miguu ya kitanda, kwa bidii ya mtu anayejenga daraja. Nyama ikatwe ndogo. Na chai ipoe.

Hiyo ya chai ndiyo ilileta vita.

Daktari alimweleza kwamba vinywaji vya moto mno huumiza koo, na mtu ambaye dada yake aliondoka vile hana sababu ya kucheza na koo. Kogo alinyamaza mbele yake. Nyumbani akanitangazia kwamba chai baridi ni maji ya kuoshea vikombe. Sasa tumefika mapatano. Namimina, anaizungushia mikono, ananihadithia kitu, na hadithi ikiisha anakunywa. Nimesikia habari za ukoo huu ambazo hata mwanawe hazijui.

Jambo lingine limetokea ambalo sikulitarajia. Habari zilienea, na watu wakaanza kuniletea matumbo yao. Mtu anaingia agroveti kununua dawa ya ndama anayehara, analipa, halafu anabaki pale ameegemea kaunta. "Mama Chelangat, na mtu je?" Mmoja anajaa gesi kila akinywa maziwa mabichi. Mwingine ana maumivu ya njaa hapa chini ya kifua na amekuwa akiambiwa ni mawazo. Huyo nilimwambia vile nilisikia kwa daktari, kwamba vidonda vya tumbo mara nyingi huletwa na wadudu wadogo wanaoishi tumboni, wanapimwa na wanatibiwa, mawazo yanasingiziwa tu. Mzee mmoja aliniambia kwa kunong'ona kwamba anaona damu chooni. Huyo sikumpa maelezo yoyote. Nilimwambia aende hospitali kesho yake, na nikampigia mkewe simu akiwa bado amesimama pale.

Mimi si daktari, na huwa nawaambia hivyo. Lakini naona vile sote tumelelewa kuona tumbo ni jambo la aibu. Mguu ukivunjika tunaonyesha kijiji kizima. Tumbo likigoma tunakula kwa siri na kulisha kuku.

Basi, leo.

Wiki iliyopita daktari alisema njia imefunguka vizuri, Kogo anaweza kujaribu chakula cha kawaida, atafune vizuri, asikimbie. Sikumwambia nitapika nini. Nilichuma mboga ya sageti asubuhi kabla mvua haijaanza, nikaichemsha, nikaitia malai. Nikapika ugali, si laini, si mgumu. Nilikuwa nikijiandaa kumpakulia apeleke kwake nikasikia mlango.

Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, na amebeba kiti chake mwenyewe.

"Songa," akamwambia Chelangat.

Chelangat akasonga. Baba Chelangat aliomba sala fupi sana. Kogo akamega tonge dogo, akalikanda kwa vidole, akalichovya kwa mboga. Akatafuna. Sote tukawa tunaangalia sahani zetu na hakuna anayeziona. Nikainua macho nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Akangoja kidogo. Nafikiri alikuwa anasikiliza ndani.

Halafu akamega lingine.

Alikula taratibu, sahani nzima. Tulipomaliza sisi yeye bado alikuwa katikati, na hakuna aliyeinuka. Chelangat alimhadithia mambo ya shule, yeye akitafuna na kuitikia kwa kichwa. Sahani ilipokwisha aliipangusa na kidole, akakilamba kidole, akasema "kongoi" mara moja, kama asante ya kawaida tu. Mimi nikakimbilia jikoni kujifanya natafuta chumvi.

Sasa amekaa hapa kwa kochi mbele yangu, wima kama alivyoagizwa, mto nyuma ya mgongo. Amefunga macho lakini halali. Nikitazama tumbo lake nafikiria kazi inayoendelea pale chini bila kelele. Tumbo linakoroga. Baadaye litaachilia kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba, nyongo itoke kwa ini ishughulike na yale malai yangu, chakula kinyonywe kiingie kwa damu, damu ikipeleke kwa mikono ile iliyochuma majani maisha yote. Yatakayobaki yatapita utumbo mpana, maji yanyonywe, na asubuhi aende choo kama mfalme. Hakuna anayeyasimamia haya. Tumekula maisha yetu yote na hatukuwahi kushukuru kwa kumeza.

Hapa nilipofika ndipo amefungua macho.

"Mama Chelangat. Watu wa kwenu wanakula samaki na mifupa yake?"

"Tunatoa mifupa tukila, Kogo."

"Nipikie wiki ijayo. Sijawahi kula. Nataka kujua mnaona nini ndani yake."

Amefunga macho tena. Na mimi nimebaki hapa na simu hii ninayoandikia mkononi, hofu na furaha zimekaa kiti kimoja. Samaki! Na koo ambalo limefunguka juzi! Nimtafutie kipande kisicho na mifupa kabisa? Nimchambulie jikoni asione, nikilete kwa meza kikiwa tayari kama cha mtoto? Au anamtaka mzima, na kichwa na macho, vile mama yangu alikuwa akimpakulia mgeni wa heshima?

Karibu nianze kujijibu mwenyewe, vile nilivyofanya mwaka mzima na zile sahani.

Hapana. Akishaamka vizuri, nitamuuliza.